BAISKELI YA MLEMAVU NI MIGUU YAKE

Ndugu askari, wahenga walisema, "Hujafa hujaumbika." Hakuna aujuaye ukweli wa maneno hayo kuliko ninyi, kwa maana askari aweza kuamka asubuhi akiwa mzima, na jua likatua akiwa hana mguu. Kwa hiyo neno hili juu ya walemavu wa Busia na Tororo si habari ya watu wa mbali.

Inasimuliwa kwamba jina la boda boda, linalotumika leo Afrika Mashariki nzima, lilizaliwa kwenye mpaka huu, Busia na Malaba, ambako waendesha baiskeli waliwavusha wasafiri kutoka kituo cha nchi moja hadi cha nchi ya pili. Lakini chombo hicho kilitengenezwa kwa ajili ya wazima. Mtu asiyeweza kusimama hapandi pikipiki ila kwa kubebwa kama gunia. Akingoja teksi ya kwenda Tororo, mara nyingi kondakta humtazama, akakitazama na kiti chake cha magurudumu, kisha akagonga bati na gari likaondoka. Akibahatika kuchukuliwa, kiti hutozwa nauli kama mzigo, ilhali miguu ya abiria wengine haitozwi kitu.

Ndiyo sababu walemavu wa Busia, wengi wao waliopatwa na polio utotoni, walijitafutia njia. Kwa miaka mingi wamevuka mpaka kwa baiskeli za magurudumu matatu zinazoendeshwa kwa mikono, wakichukua bidhaa za wafanyabiashara kwa ujira. Kwa kazi hiyo wamelisha jamaa zao badala ya kukaa kando ya njia wakiomba.

Ni kweli pia, wala hapana haja ya kuficha, kwamba baadhi ya mizigo hiyo imekuwa ya magendo, na kwamba wako maofisa waliofumba macho kwa huruma. Hapo ndipo kazi ya askari inapokuwa ngumu. Asemaye kwamba mlemavu asikaguliwe hamheshimu, bali amfanya mtoto. Na akaguliwe, lakini kwa adabu: aulizwe kabla ya kuguswa, wala asishushwe chini mbele ya umati. Mzigo ukiwa na kosa, uzuiwe mzigo. Najua kwamba sheria ya forodha yaweza kukamata chombo pamoja na magendo kilichoyabeba. Lakini lori ni chombo. Baiskeli hii ni miguu. Anayeifungia ghalani amemfunga mwenyewe kabla hakimu hajamsikiliza.

Katiba za nchi zote mbili zimekwisha kusema. Ibara ya 35 ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 yawapa walemavu haki ya kuheshimiwa na kutunziwa utu wao. Ibara ya 54 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yataja waziwazi haki ya kuvifikia vyombo vya usafiri wa umma. Tena, tangu kituo cha pamoja cha Busia kilipozinduliwa mwaka 2018, msafiri humaliza shughuli za nchi zote mbili mahali pamoja, upande wa nchi anayoingia. Kwa mtu anayesukuma magurudumu kwa mikono, kupunguziwa kituo kimoja si jambo dogo.

Hata hivyo, katiba haisimami kando ya barabara. Anayesimama hapo ni askari. Yeye ndiye anayelisimamisha gari, akadai leseni na kuhesabu abiria. Basi, afikapo kwenye kituo cha magari na kumkuta mlemavu aliyeachwa, amwulize kondakta swali moja tu: "Huyu mbona hukumchukua?" Swali hilo halihitaji fedha ya serikali wala amri mpya. Likiulizwa kila siku na mtu aliyevaa sare, Busia na Malaba, makondakta watajifunza upesi kuliko kwa semina kumi.

Nguvu mliyopewa, ndugu askari, ni ya kumlinda raia. Mlindeni na huyu anayetembea kwa mikono.