Kituo cha data kisicho na mwenzake kisizinduliwe

Moto wa Septemba 26, 2025 katika kituo cha data cha Serikali ya Korea Kusini, mjini Daejeon, ulilazimisha mifumo zaidi ya 600 ya huduma za umma kuzimwa. Hifadhi ya nyaraka za watumishi wa Serikali, yenye terabaiti 858, iliteketea. Nakala yake haikuwapo mahali pengine popote. Utetezi uliotolewa ni kwamba hifadhi hiyo ilikuwa kubwa mno kunakiliwa.

Utetezi huo haukubaliki. Hifadhi isiyoweza kunakiliwa haikustahili kupokea hata waraka mmoja.

Betri za lithiamu zilizoshika moto zilikuwa zimepita muda wa udhamini wa miaka 10, na zilikaa chumba kimoja na seva. Ziliwaka wakati wa kazi ya kuzihamishia ghorofa ya chini ya ardhi ili kuzitenga na seva hizo. Hatari ilijulikana, basi; kilichokosekana ni mtu wa kuwajibishwa kwa kuichelewesha dawa yake. Onyo pia lilikuwapo: Oktoba 2022 moto wa betri katika kituo cha data huko Pangyo, Korea Kusini, ulikuwa umekatiza huduma za Kakao, kampuni ya programu ya ujumbe, nchi nzima. Serikali ikazibana kampuni binafsi kwa sheria, mitambo yake yenyewe ikachelewa kuirekebisha.

Serikali za Afrika Mashariki hazina sababu ya kulitazama jambo hili kama msiba wa mbali. Kenya imekusanya maelfu ya huduma ndani ya jukwaa la mtandaoni la eCitizen, na shambulio la mtandaoni la Julai 2023 lilionyesha jinsi wananchi wanavyokwama mlango huo mmoja unapofungwa. Tanzania nayo hukusanya malipo ya Serikali kupitia mfumo mmoja.

Kituo cha pili, chenye umeme na njia zake za mawasiliano, kiwe ndani ya mkataba wa kwanza, si ahadi ya awamu ijayo. Betri zipewe chumba chake chenye kuta za kuzuia moto, na tarehe ya kuzibadilisha iwe na afisa anayejulikana kwa jina na cheo. Ili kukijaribu kituo hicho cha pili, kituo kikuu kizimwe kwa makusudi, siku ya kazi, angalau mara moja kwa mwaka, na taarifa ya jaribio ifikishwe bungeni. Waziri anayealikwa kukata utepe adai kwanza taarifa hiyo. Isipokuwapo, asikate.