Zimwi Lisifutwe Vitabuni

Wapo wazazi, na walimu pia, wanaoshikilia kwamba vitabu vya ngano vyenye picha za mazimwi, wachawi na mbwamwitu walao watu havifai kutiwa mikononi mwa watoto. Husema kuwa moyo wa mtoto ni laini, na ukishaingiwa na hofu ni vigumu kuutuliza.

Huku Banissa, katika Kaunti ya Mandera, hoja hiyo ina uzito wa pekee. Kaskazini Mashariki ilikosa mvua ya kutosha kwa misimu mitano mfululizo kati ya mwaka 2020 na 2022, na mifugo ikaangamia. Kabla ya hapo, tarehe 22 Novemba 2014, watu 28, walimu wakiwamo, waliuawa baada ya basi lililotoka Mandera kutekwa njiani. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 wakauawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Walimu wengi waliotoka sehemu nyingine za nchi walifunga virago, na madarasa mengi yakabaki bila wa kuyafundisha. Je, mtoto aliyekulia katika hali hiyo ana haja gani ya kutishwa tena kwa hadithi?

Swali hilo ni la haki, nalo lastahili jibu. Mtoto huyu ameijua hofu kabla ya kukijua kitabu. Anachokosa ni maneno ya kuisemea, na mfano wa namna ya kuishinda. Ngano ya kutisha humpa vyote viwili, kwa kuwa adui aliyemo ana jina, ana umbo, ana makao, na ana siku yake ya kuangamia.

Tuitazame hadithi ya Dhegdheer, ambayo Wasomali wameirithishana kwa vizazi vingi. Jina lenyewe lina maana ya mwenye sikio refu. Ni jimwanamke lilalo watu, lenye kusikia hatua za msafiri kutoka mbali. Mwaka 2007 Marian A. Hassan aliisimulia upya katika kitabu cha Kisomali na Kiingereza, kikachorwa na Betsy Bowen na kuchapishwa Minnesota, Marekani, ambako Wasomali wengi wamehamia. Humo mjane na mwanawe mdogo wanajaribu kupita katika bonde ambalo Dhegdheer amelitia hofu. Mtoto gani wa mfugaji asiyeifahamu safari kama hiyo, ya mama na mwana katika nchi kame, huku hatari ikinyemelea? Lakini mwishoni Dhegdheer hufa na nchi ikarejewa na amani. Hapo ndipo penye faida ya hadithi. Ukimwondoa Dhegdheer kwa kumhurumia msikilizaji, umeiondoa pia amani iliyopatikana kwa kifo chake.

Wazungu nao walipitia mvutano huu. Charles Perrault wa Ufaransa alipochapisha mwaka 1697 hadithi ya msichana mwenye kofia nyekundu, aliimaliza pale mbwamwitu alipommeza msichana. Ndugu wawili wa Kijerumani, Jacob na Wilhelm Grimm, walipoitoa hadithi hiyo hiyo mwaka 1812, walimleta mwindaji akalipasua tumbo la mbwamwitu na kumtoa msichana akiwa hai. Mnyama ni yule yule na meno ni yale yale, ila msikilizaji wa pili analala akijua kwamba kuna njia ya kutokea. Hicho ndicho kipimo ninachopendekeza kwa mwalimu anayechagua kitabu. Asihesabu matone ya damu. Aulize kama hadithi inamwachia mtoto tumaini.

Hata katika fasihi yetu ya Kiswahili ushahidi upo. Katika ngano alizozikusanya Edward Steere huko Unguja na kuzichapisha mwaka 1870, yumo nunda, paka wa Sultani aliyeanza kwa kula mifugo. Watu wakalalamika, Sultani akapuuza, kwa kuwa paka ni wake na mifugo ni yake. Paka akaendelea hadi akala wanadamu, wana wa Sultani wakiwamo, na ni mwanawe wa mwisho aliyetoka kumsaka akamuua. Je, mwanafunzi atajifunza nini kuhusu hasara ya kufumbia macho uovu ukiwa mchanga, iwapo tutamfanya nunda mpole asiyemdhuru mtu?

Hata hivyo, picha si sawa na neno. Msikilizaji humuumba zimwi kwa kadiri ya nguvu za moyo wake, lakini mchoraji humpa zimwi aliyekwisha kukamilika, asiyeweza kupunguzwa. Mchoraji stadi hulijua hilo. Gustave Doré, katika michoro yake ya ngano za Perrault ya mwaka 1862, alimweka msichana kitandani kando ya mbwamwitu aliyevaa kofia ya bibi. Hakuna damu, hakuna jeraha, bali macho mawili yanayotazama. Kitabu kinachojaza kurasa zake viungo vilivyokatwa ili kiuzike hakina fundisho, na mwalimu ana haki ya kukikataa. Vilevile mtoto aliyeona mauaji kwa macho yake asiachwe peke yake na kitabu cha kutisha. Asome akiwa na mtu mzima kando yake, mwenye kusita anapoona machozi na kujibu anapoulizwa.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutumika nchini kote mwaka 2019 katika madarasa ya chini, unatambua lugha ya nyumbani katika miaka ya mwanzo ya masomo. Basi fursa ipo. Walimu wa Banissa wawatume wanafunzi kwa ayeeyo zao wakasikilize ngano, wazilete darasani, waziandike kwa Kisomali na kwa Kiswahili, kisha wamchore Dhegdheer kwa mikono yao wenyewe. Mtoto anayeshika kalamu ndiye anayeamua ukubwa wa zimwi, na ndiye anayechora kuanguka kwake.

Wahenga walinena kuwa zimwi likujualo halikuli likakwisha. Nasi tunaolea tuongeze kwamba ni heri mtoto naye alijue zimwi lake, na alijue mapema.