Wanaume wa Singida, Msidharau Jeraha

Jembe likimkata mkulima wa Iramba, au sururu ikimjeruhi mchimba dhahabu wa Sekenke, wako wenzetu wapakao majivu au samadi, kisha hurudi kazini. Huo si ushujaa. Vijidudu vya pepopunda hukaa katika udongo na samadi hiyo hiyo!

Mwaka 2012 Tanzania ilithibitishwa kuwa imeidhibiti pepopunda ya wazazi na watoto wachanga. Akina mama walikubali kuchanjwa. Je, sisi wanaume tunangoja nini?

Osha jeraha kwa maji safi na sabuni, kisha siku hiyo hiyo nenda zahanati ukaulizie sindano ya kinga. Taya zikishakaza, tiba ni ngumu na kifo ki karibu.