Figo Hazipigi Kelele, Zipimwe Mapema

Yuko dereva mmoja wa matatu, mwenye umri wa miaka 41, ambaye sasa husafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa wiki. Alipofika kwangu alikuwa amevimba miguu, ana kichefuchefu na uchovu usioisha. Shinikizo lake la damu lilikuwa 200 kwa 120. Figo zake zilikuwa karibu kukoma kabisa kufanya kazi.

Linaloniuma ni kwamba mtu huyu alikuwa amenijia miaka minne kabla, akilalamikia mgongo. Foleni ilikuwa ndefu. Nilimwandikia vidonge vya maumivu nikamwita mwingine. Sikumpima presha. Vidonge vilipokwisha, aliendelea kujinunulia dukani karibu kila siku.

Figo ni mbili, kila moja yapata ukubwa wa ngumi yako. Ndani ya kila figo mna vichujio vidogo takriban milioni moja. Kazi yake ni kuondoa takataka katika damu, kusawazisha maji na chumvi, na kusaidia mwili kutengeneza damu. Vichujio vikiharibika, vilivyosalia hubeba mzigo wote bila kulalamika. Ndiyo maana mtu anaweza kupoteza sehemu kubwa ya nguvu za figo huku akijiona mzima.

Maadui wakubwa ni wawili: kisukari na presha. Wengine ni mawe ya figo, tezi ya kibofu iliyovimba na kuziba mkojo kwa wanaume wazee, virusi vya Ukimwi visivyotibiwa, na matumizi ya muda mrefu ya dawa kama diklofenaki na ibuprofeni. Dawa hizi huuzwa hadi vibandani kana kwamba ni peremende.

Wengi hudhani kwamba maumivu ya mgongo ndiyo dalili ya figo mbovu, na kwamba kunywa maji mengi ndiyo tiba. Maumivu mengi ya mgongo hutokana na misuli na mifupa. Maji ni mazuri, hasa kwa kuzuia mawe, lakini hayashushi presha wala hayaondoi kisukari. Na mgonjwa ambaye figo zake zimeshindwa huenda akadhurika akiyanywa kwa wingi.

Kwa maoni yangu, mtu mzima yeyote asiondoke zahanatini kabla hajapimwa presha, hata kama alikwenda kwa mafua. Mwenye presha, kisukari au jamaa aliyeugua figo apimwe pia mkojo, kuona kama una protini, na damu, angaa mara moja kwa mwaka. Kijiti cha kupimia mkojo ni kitu cha bei nafuu mno kikilinganishwa na mashine ya kusafisha damu au kupandikizwa figo ya mtu mwingine.

Nawe msomaji, usingoje daktari akumbuke. Mwambie, "Daktari, nipime presha." Punguza chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, ukihesabu na iliyomo ndani ya chakula. Ukiandikiwa dawa za presha, usiziache kwa sababu unajisikia vizuri.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliuona ufa wa dereva yule nikaupita. Usikubali daktari wako aupite wako.