Mtoto wa mbwa si pochi

Leo sina somo la kupiga picha bidhaa wala la kumjibu mteja msumbufu. Leo naongelea laki nne yangu ilivyokwenda. Naona kwenye magrupu yetu siku hizi watu wanaposti watoto wa mbwa katikati ya viatu na mashuka, na wengine wanaagiza bila kuuliza. Kama nitamgusa mtu anisamehe. Hata mimi nimo.

Kwa wasionijua, nina duka dogo hapa Makambako: pochi, viatu vya kike, nguo za watoto. Elimu yangu kidato cha nne, biashara nimejifunza kwa kuumia. Mwezi wa tano wezi walivunja mlango wa nyuma wakabeba pea thelathini na kitu za viatu. Mlinzi tunachangia maduka sita, na usiku ule alikuwa upande wa mbele anaota moto. Nikasema basi, natafuta mbwa, tena mbwa wa maana, German Shepherd.

Kuna dada mmoja nilikuwa nanunua kwake mashuka kwa simu, yuko Dar. Mara mbili nimeagiza, mara mbili mzigo umefika kama ulivyo kwenye picha. Mwezi wa saba nikaona stetasi yake: watoto wa mbwa wanne wameketi kwenye kapeti, masikio yameanza kusimama, "bei laki tatu na nusu, mikoani tunatuma". Sikufikiria mara mbili. Na hapa ndipo kosa langu la kwanza lilipo, na nadhani wengi mnalo. Uaminifu wa mashuka niliuhamishia kwenye mbwa. Kwamba mtu huyu akinitumia shuka nzuri basi na mbwa wake ni mzuri. Sikujiuliza hata anafugia wapi, wakati kwenye simu nilikuwa nasikia majirani wanagombana ngazini. Nyumba ya ghorofa, mbwa wanne na mama yao wanakaa wapi?

Najua mtaniambia, "Dada, ungeomba video kol." Niliomba! Alinipigia, nikamwona mtoto wa mbwa anarukaruka, anatafuna kandambili. Nikauliza umri, akasema miezi mitatu. Chanjo? Zote. Kadi? "Kadi iko kwa daktari boss wangu, nitakurushia picha." Nikatuma laki tatu na nusu, na elfu hamsini ya boksi na nauli. Jina lililotokea kwenye muamala ni lake kweli, sikutapeliwa. Hilo nataka mlielewe vizuri. Sikutapeliwa. Mbwa alikuja.

Alipanda basi alfajiri pale stendi ya Magufuli, ndani ya boksi la katoni lenye matundu. Mnaoijua hiyo njia mnajua: joto la Dar, joto la Mikumi, mlima Kitonga, halafu Iringa, Mafinga, mpaka huku kwetu ambako mwezi wa saba ukitoka usiku bila koti unatafuta ugonjwa. Nilimpokea saa mbili usiku. Boksi lilikuwa limelowa mkojo, yeye anatetemeka. Nikamfunga kwenye kanga, nikampa maziwa ya uvuguvugu. Mdogo wangu akampa jina palepale, Simba, kama mbwa wote wa nchi hii.

Siku ya pili alikataa kula. Siku ya tatu asubuhi alianza kutapika, mchana akaharisha damu, na harufu yake sitaisahau. Nikambeba kwa bodaboda mpaka kwa daktari wa mifugo. Dokta hakuuliza mengi. Alimfungua mdomo, akanionyesha meno ya maziwa ya nyuma ambayo yalikuwa bado hayajamaliza kutoka. "Binti, huyu hana miezi mitatu. Hata miwili hajafikisha." Akasema dalili zote ni za parvo. Ni kirusi, hakina dawa ya kukiua ndani ya mwili. Unachoweza ni kumwekea dripu asiishiwe maji, na dawa za kuzuia bakteria wasimmalizie, halafu unasubiri. Alikufa usiku wa siku ya nne.

Nilifikiri hasara imeishia hapo. Wiki iliyofuata mtoto wa mbwa wa jirani, wa kienyeji, ambaye walikuwa wamecheza pamoja siku ile ya kwanza uani, naye akaanza kuharisha damu. Akafa. Alikuwa wa mtoto wa darasa la tatu. Mama yake hakunigombeza, na ingekuwa afadhali angenigombeza. Alisema tu, "Mama, ungetuambia." Ningewaambia nini, na mimi mwenyewe nilikuwa sijui nimeleta nini kwenye kiwanja chetu.

Nilimpigia yule dada wa Dar. Jibu lake: "Pole sana boss, lakini mimi nilikuunganisha tu." Kumbe mbwa hawakuwa wake. Kulikuwa na mfugaji mahali, yeye alichukua picha, akaweka cha juu elfu themanini, akaposti. Nikaomba namba ya mfugaji. Naye akasema, "Alitoka kwangu mzima." Na jamani, kinachoniuma ni kwamba huenda alikuwa anasema kweli. Dokta alinieleza kuwa tangu mbwa aambukizwe parvo mpaka aanze kuumwa zinaweza kupita siku tatu mpaka saba, wakati mwingine hata wiki mbili. Kwa hiyo yule niliyemwona kwenye video anatafuna kandambili anaweza kuwa tayari alikuwa nacho. Video kol inakuonyesha kuwa mbwa yupo na leo anaruka, basi. Kilichomo tumboni mwake haikuonyeshi.

Sasa utapeli wenyewe nao upo, siukatai. Rafiki yangu wa Njombe mjini alipata wa kwake: Rottweiler kwa laki na nusu. Bei tu ilitakiwa kumshtua. Alituma, baadaye akaambiwa pesa ya sanduku maalumu, halafu ya kibali, halafu ya bima ya safari. Kila mara mbwa "yuko stendi tayari". Jina la kwenye muamala lilikuwa tofauti na la kwenye ukurasa, akaambiwa ni la shemeji. Alipokuja kustuka alishatuma zaidi ya bei ya mbwa, na mbwa hajawahi kuwepo. Mchezo huu si wetu peke yetu. Huko Marekani shirika la Better Business Bureau lilitoa ripoti nzima mwaka 2017 kuhusu wauzaji feki wa watoto wa mbwa mtandaoni, na mtindo ni uleule, sanduku na bima. Yakikukuta, namba iliyokutapeli itume kwenda 15040, nenda polisi na ujumbe wa miamala yako. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015, na usifute meseji hata kama zinakutia hasira.

Lakini tapeli ana nafuu moja, ukishamjua unajua. Mimi nani nimshitaki? Dalali aliunganisha, mfugaji alitoa mbwa mzima, basi lilibeba mzigo, mimi nilipokea na kusaini. Kila mmoja ana jibu. Nimekaa nikafikiria nikaona tatizo ni ule mtindo wetu wenyewe wa kuuza picha. Na mimi nauza picha! Nusu ya pochi ninazoposti ziko Kariakoo kwa mtu, mteja akilipia ndiyo naagiza. Sioni aibu, mtaji mdogo unatufundisha hivyo. Zipu ikiwa mbovu nambadilishia, mteja ananuna siku mbili, maisha yanaendelea. Pochi haiambukizi pochi ya jirani. Ikikaa kwenye buti la basi kutwa nzima haiumwi. Mbwa ukiuza kwa mtindo huo, katikati pale kati ya picha na boksi hakuna mtu hata mmoja anayejua huyu mnyama kazaliwa lini na kachomwa nini.

Kwa hiyo msimamo wangu, na mtu anayepinga aje kwenye komenti tubishane: kama hujamshika huyo mbwa kwa mikono yako na hujamwona mama yake, usimuuze. Hata kama cha juu ni laki. Na wewe unayenunua, usilipe kwa mtu wa kati wa namna hiyo, hata kama ni rafiki, hata kama mashuka yake ni mazuri.

Ukiamua lazima uagize mbali, basi angalau mtu unayemwamini aende pale anapofugiwa, wewe usubiri simu. Aangalie mama yupo na ana hali gani, maana mtoto wa mbwa asiye na mama wa kuonyeshwa ametoka kusikojulikana. Umri usiwe chini ya wiki nane. Akiachishwa mapema anafika dhaifu, na ile kinga aliyopewa na maziwa ya mama ikipungua chanjo inakuwa haijashika kazi. Kadi ya chanjo uione wewe, yenye tarehe, stika ya chupa ya dawa na jina la daktari, halafu umpigie huyo daktari. Usikubali neno "chanjo zote". Chanjo ya parvo na distempa hurudiwa kila baada ya wiki kadhaa mpaka mtoto afike kama miezi minne, kwa hiyo wa wiki nane aliyemaliza "zote" hayupo duniani. Ya kichaa cha mbwa kwa kawaida huanza miezi mitatu. Hiyo msiichezee kabisa. Ule usiku wa kwanza Simba alimng'ata mdogo wangu kidole kwa utani, na nilipojua kadi haipo sikulala. Kichaa cha mbwa dalili zikishaanza kwa mtu hakuna kupona. Tulikwenda hospitali, sindano hazikuwa moja, na hiyo gharama sijaihesabu kwenye ile laki nne.

Kuhusu pesa, lipa mbwa akiwa mbele yako au mbele ya mtu wako. Mfugaji wa kweli hawezi kukasirika. Akianza "wapo wateja watatu wanamsubiri, tuma sasa hivi", mwache awape hao watatu.

Mwezi wa tisa nilipanda gari kwenda Njombe, kilomita kama 60 tu kutoka hapa. Wakati wote naangalia mbwa wa Dar, hapo karibu kulikuwa na mzee anafuga, hajui hata kuposti. Nilimkuta anamenya viazi. "Kamwene," nikamsalimia, akacheka, akaniitia mama wa mbwa kwanza, mkubwa, mnene, ananinusa viatu. Halafu watoto watano. Kadi zimefungwa na rababendi, kila mmoja na yake.

Nikamweleza ukweli wote, na parvo iliyokuwa uani kwangu. Nilitegemea atanipa pole aniuzie. Akasema haniuzii. Yaani sasa hivi haniuzii. Kile kirusi kinakaa ardhini miezi mingi, hata mwaka unaweza kupita, na sabuni ya kawaida haikiui. Niende nisugue sakafu na vyombo kwa jiki, sehemu moja ya jiki kwa thelathini za maji, na vile vitambaa alivyolalia Simba nichome. Mtoto wa mbwa atabaki kwake mpaka amalize chanjo ya mwisho. Nikatoa elfu hamsini ya kishika uchumba. Akairudisha. "Akifa huku kwangu utaanza kunidai. Njoo siku ya kumchukua, umwone, ndiyo ulipe."

Yule jirani yangu naye nimemwombea mmoja kwa ajili ya mtoto, nitalipa mimi. Tarehe yetu ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu. Kama kuna mtu wa Makambako anakwenda Njombe na gari lake asubuhi hiyo na anarudi siku ileile, aniandikie. Sitaki hawa wawili wapande basi.