MIZANI KWANZA, FAINI BAADAYE

Ndugu wanaushirika,

Julai 2015 hapa Bunju mwanafunzi aligongwa na gari, akafa. Hasira zikapanda, barabara ikafungwa, kituo cha polisi kikachomwa moto. Hatujasahau. Kwa hiyo asije mtu akasema tunatetea mwendo kasi. Barabara ya Bagamoyo inapita mlangoni petu, na watoto wetu wanaivuka kila siku.

Lakini kuna ubishi kijiweni: trafiki asiye na tochi, aliyeliona gari kwa macho tu, amwandikie dereva faini ya mwendo kasi? Sisi tunasema hapana.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 imeweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa penye makazi ya watu. Hamsini ni hesabu. Gari la mwendo wa 50 linakwenda mita 14 hivi kwa sekunde moja. La 60, mita 17 hivi. Tofauti ni hatua tatu nne tu. Nani ataiona kwa jicho, tena gari likimjia usoni?

Hapa ushirika, karani akilitazama gunia la korosho akasema, "Hili kilo themanini," bila mizani, mkulima atakubali? Hata karani awe mwaminifu namna gani! Basi dereva naye ana haki ya mizani. Na pasipo namba iliyopimwa, mlango wa rushwa uko wazi.

Wenzetu nao wameliona. Uingereza, sheria ya 1984 inakataza kumtia mtu hatiani kwa maoni ya shahidi mmoja tu juu ya mwendo. Marekani, Mahakama ya Juu ya jimbo la Ohio ililikubali jicho la askari aliyefunzwa mwaka 2010. Mwaka uliofuata watunga sheria wakalikataa.

Jicho lina kazi yake, tena kubwa. Askari akimwona dereva anapita kivukoni watoto wakivuka, amkamate, amshitaki kwa hilo aliloliona. Hilo halitaki tochi.

Tunaomba tochi ziletwe karibu na shule, asubuhi na wakati wa kutoka, na dereva aonyeshwe namba kabla ya kuandikiwa. Nanyi madereva wetu, msingoje tochi ndipo mpunguze mwendo. Gari lina spea, mtoto hana.

Umoja ni nguvu.