Datsun ya Mjomba: ya Kawaida au ya Safari?

Majuma machache yaliyopita nilipigiwa simu na mjomba wangu wa Kilema. Yeye si mtu wa maneno mengi. Miaka thelathini na ushei ya kuendesha malori ya mizigo imemzoesha kukaa kimya kwa saa nyingi. Baada ya salamu alisema tu, "Mjomba, nimeiona. Ipo Moshi mjini." Sikuwa na haja ya kumwuliza ameona nini. Katika ukoo wetu hata watoto wadogo wanajua kwamba tangu utotoni, alipoiona picha ya gazeti iliyobandikwa ukutani katika duka moja la Himo, mzee huyu amekuwa akiota Datsun 240Z nyekundu yenye boneti jeusi.

Picha ile ilikuwa ya mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki ya mwaka 1971. Mwaka huo Edgar Herrmann na Hans Schüller walishika nafasi ya kwanza katika gari la namna hiyo, na nyuma yao akaja Shekhar Mehta, kijana mzaliwa wa Uganda, naye akiwa katika 240Z nyingine. Miaka miwili baadaye Mehta mwenyewe alishinda.

Sasa mjomba amestaafu na mafao yake yametoka. Mkewe, ambaye sisi sote humwita mama, alikwisha kuyapangia fedha hizo kazi: paa la nyumba, ambalo masika yakianza hulazimu sufuria tatu kupangwa sebuleni, na ada ya kitinda mimba aliye chuoni. Mwenye gari alitaka karibu mafao yote. Alipoulizwa sababu ya bei hiyo alijibu kwamba hii si 240Z ya hivi hivi, bali ni toleo maalumu, "speshio", yenye asili ya Safari. Na kwa ushahidi alionyesha nembo nyuma ya gari: 432.

Hapo ndipo nilipoitwa, kwa kuwa mwandishi wa magazeti, kwa maoni ya watu wa kwetu, hujua kila kitu. Sikujua. Lakini nilikuwa na siku nne za kusoma, na niliyoyapata yalinifanya niwahi basi la alfajiri.

Gari hili lilitolewa na kampuni ya Nissan mwishoni mwa mwaka 1969. Nje ya Japani liliitwa Datsun 240Z, na injini yake ilikuwa L24, yaani silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, ujazo wa sentimeta za ujazo 2,393, kamshafti moja juu, kabureta mbili, na nguvu za farasi 151 kwa hesabu ya wenyewe waliolitengeneza. Nchini Marekani liliuzwa kwa dola 3,526, na hiyo ndiyo iliyowashtua watengenezaji wa Ulaya, kwani mfanyakazi mwenye mshahara wa wastani aliweza kulifikiria. Hilo ndilo la kawaida, na kwa kweli ukawaida wake ni wa kujivunia.

Huko huko Japani lakini palikuwa na ndugu yake wa kifahari, Fairlady Z432. Tarakimu zile si za mapambo: 4 ni valvu nne kwa kila silinda, 3 ni kabureta tatu, na 2 ni kamshafti mbili. Injini yake, S20, ilitoka katika Skyline GT-R, gari la mashindano ya viwanjani. Ilikuwa na ujazo mdogo kuliko L24, chini kidogo ya lita mbili, lakini ikatoa nguvu za farasi 160. Magurudumu yalikuwa ya magnesi, na mabomba mawili ya moshi yalipangwa moja juu ya jingine. Yalitengenezwa kama magari 420 tu. Uchache huo ndio unaoifanya bei yake leo ipande kama moshi wa tanuri.

Je, mashujaa wa Safari waliendesha 432? La hasha. Nissan walipoamua kuileta Z katika tope la Afrika Mashariki, hawakuichukua injini ile ya kifahari. Waliichukua L24, ile ile iliyokuwa katika gari la mtu wa kawaida, kwa sababu ilivuta vizuri hata ikizunguka taratibu, na mitambo yake ilikuwa michache na rahisi kutengenezwa. Injini ya valvu ishirini na nne hufurahi ikipigiwa kelele katika uwanja wa lami. Safari ilifanyika wakati wa Pasaka, masika yamekomaa, na anayejua udongo mwekundu wa Kilema mwezi wa Aprili hahitaji maelezo zaidi.

Basi upekee wa gari la Safari ulikuwa wapi? Zaidi ulikuwa mahali ambapo mnunuzi hatazami. Maungio ya bodi yalichomelewa na kuongezewa nguvu ili lisipasuke. Springi na shokapu zilibadilishwa, gari likainuliwa. Chini ya injini palifungwa bamba nene la kukinga mawe. Tangi la mafuta lilikuwa kubwa zaidi, taa za mbele ziliongezwa, na injini ilitiwa kabureta kubwa zaidi hata nguvu zikapita farasi 200. Lile boneti jeusi lisilong'aa, ambalo mjomba alilihesabu kuwa urembo kwa miaka hamsini, lilipakwa hivyo ili mwanga wa jua usimrudie dereva machoni.

Na kuna jambo la pili ambalo haliwezi kununuliwa pamoja na gari. Timu ya kiwanda ilikuwa na mafundi waliotangulizwa njiani, wakingoja na vipuri, tayari kubadilisha kwa dakika chache kitu ambacho wewe na mimi tungekingoja kwa miezi miwili. Nusu ya "speshio" ile ilikuwa imekaa kando ya barabara na spana mkononi.

Nitaongeza moja kwa wale wanaodharau magari ya familia. Katika mashindano ya mwaka 1973 Mehta, ndani ya 240Z, alimaliza kwa pointi sawasawa na Harry Källström, aliyekuwa katika Datsun 1800 SSS, gari la kupeleka watoto shule, ingawa nalo lilikuwa limeandaliwa kwa vita. Ushindi alipewa Mehta kwa kuwa alikuwa ameendelea mbali zaidi kabla ya kupata adhabu. Tofauti kati ya gari la michezo na gari la nyumbani, baada ya maelfu ya kilometa, ilikuwa ni hesabu ya makarani.

Nilimkuta mjomba stendi ya Moshi amevaa koti lake la harusi. Nilimweleza haya yote tukitembea, naye hakujibu neno.

Gari lilikuwa zuri, sitaki kusema uongo. Jekundu, boneti jeusi, viti vimeshonwa upya. Mwenyewe alifungua boneti kwa madaha. Niliinama kutazama ule ukuta wa bati unaotenganisha injini na chumba cha dereva, ambapo namba ya bodi hugongwa. Ilianza na HS30. Hiyo ni alama ya 240Z iliyotengenezwa kwa nchi zinazotumia usukani wa kulia. Ya 432 ingeanza na PS30. Injini nayo ilikuwa imegongwa L24. Mjomba, ambaye hakuwa amesoma chochote lakini amelala chini ya malori tangu ujana wake, alikwisha kuvua koti na kuingia uvunguni. Alitoka na vumbi mgongoni. "Maungio hayakuongezewa kitu," alisema. "Na chini hapajawahi kufungwa bamba. Matundu ya skrubu hayapo."

Kabureta tulizihesabu wote watatu, hata mwenye gari. Zilikuwa mbili.

Yule bwana hakuwa tapeli, hivyo ndivyo ninavyoamini mpaka sasa. Alisema alilinunua likiwa na nembo ile ile, naye akauziwa hadithi ile ile. Huenda kweli. Vibandiko vya namna hiyo hupatikana kwa urahisi, na mtu akikwisha kulipia hadithi, huona uchungu kuikana. Mjomba alimtajia bei ya 240Z ya kawaida iliyotunzwa vizuri, theluthi moja ya ile ya kwanza. Bwana akacheka kwa uchungu, akafunga boneti. Tukaondoka. Jioni, tukiwa tunakula ndizi kwa mama huko Kilema, simu ililia.

Mama hakufurahi hata hivyo. Alitoa daftari, akapiga hesabu mbele yetu: paa kwanza, ada pili, kilichobaki ndicho cha gari. Kilichobaki kilipungua kidogo kuliko bei. Mjomba akauza pikipiki yake.

Jumapili iliyopita aliipandisha Datsun kijijini kwa mara ya kwanza, baada ya mvua ya usiku. Nembo ya 432 alikuwa ameibandua na kuiweka ndani ya kikasha cha mbele. Mama alikaa kiti cha pili, kwa kuwa cha tatu hakuna. Kabla ya kufika misheni, palipo na kona yenye mtaro, tumbo la gari lilikaa juu ya tuta la udongo katikati ya njia, magurudumu ya nyuma yakawa yanazunguka bure. Lori lake la zamani lingepita hapo bila hata kupunguza mwendo.

Vijana wanne walioteremka na mikungu ya ndizi waliitua, wakasukuma. Wa tano, mdogo kuliko wote, alisimama akililitazama lile boneti jeusi, akauliza, "Babu, hili ndilo lile la Safari?"

Mjomba alishusha kioo. "Hapana," akamjibu. "Hili ni la kawaida. Sukuma."